Rafu moja, dawa mbili: Kenya ilivyobadilisha dawa za TB za watoto mwaka 2016

Tarehe 1 Oktoba 2016 Kenya ilianza kuwatibu watoto wenye kifua kikuu kwa tembe mpya, ikawa nchi ya kwanza duniani kuzisambaza nchi nzima. Magazeti yalishika upande mmoja wa habari: dawa inayeyuka majini, ina ladha ya matunda, mama hatakesha tena akisaga tembe chungu za watu wazima na kukisia robo iko wapi. Yote kweli, na kwa mzazi hilo ndilo kubwa. Ila kwa mtu wa ugavi wa dawa kisa chenyewe kiko stoo. Kubadilisha dawa ya TB nchi nzima ni kazi ngumu kuliko kuinunua, na ugumu wake ulitokana na jambo dogo sana: programu ya taifa ya TB huhesabu watoto kwa umri, na tembe hutoka stoo kwa kilo za mtoto.

Nianze na sababu ya kubadilisha. Tembe ya zamani ya watoto ilichanganya dawa tatu: rifampisini (R) miligramu 60, aisoniazidi (H) 30 na pirazinamidi (Z) 150. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipandisha dozi za watoto, baada ya kuthibitika kwamba mwili wa mtoto huimaliza dawa haraka kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo dozi iliyopigiwa hesabu ya mtu mzima ilikuwa ikimfikia mtoto pungufu. Aisoniazidi ilipanda kutoka miligramu 5 kwa kila kilo hadi 10, rifampisini kutoka 10 hadi 15, pirazinamidi kutoka 25 hadi 35.

Sasa mchukue mtoto wa kilo 10 umpe tembe mbili za zamani. Anapata rifampisini 120, yaani 12 kwa kilo, si mbaya. Pirazinamidi 300, yaani 30 kwa kilo, inakubalika. Aisoniazidi 60, yaani 6 kwa kilo, na hapo ndipo pengo lilipo. Ukisema umwongezee tembe hizohizo mpaka aisoniazidi ifike 10, utahitaji tembe tatu na zaidi, na pirazinamidi itaruka hadi 50 kwa kilo, dawa ambayo ikizidi huumiza ini. Kwa hiyo hapakuwa na namna ya kuirekebisha dozi kwa tembe ile yenyewe. Uwiano wa dawa ndani yake ndio uliokuwa umepitwa. Watabibu walibaki kuunga-unga: tembe ya mchanganyiko, juu yake aisoniazidi pekee, nusu hapa, robo pale. Mtu wa stoo naye akawa anaagiza aina nne za dawa kwa mgonjwa mmoja mdogo.

Tembe mpya ilipangwa upya: R 75, H 50, Z 150 (kwa kifupi RHZ) kwa miezi miwili ya kwanza, kisha R 75 na H 50 (RH) kwa miezi minne inayofuata. Mtoto yuleyule wa kilo 10 akipewa mbili anapata 15, 10 na 30 kwa kilo. Hesabu inakaa sawa bila kisu.

Kwa nini basi ilichukua miaka mitano kutoka ushauri wa 2010 hadi tembe kuwepo? Jibu la haraka ni kwamba hakuna mtengenezaji aliyeona soko. Watoto wanaougua TB duniani walikadiriwa kuwa kama milioni moja kwa mwaka, lakini wanaogunduliwa na kuandikwa ni wachache kuliko hao, na nchi zilikuwa zikiagiza michanganyiko mbalimbali, hii hivi na ile vile. Kiwanda hutengeneza kwa mkupuo mkubwa. Oda ndogondogo za aina tofauti hazijazi mkupuo. Mradi uliosimamiwa na TB Alliance, shirika lisilo la faida linalotafuta dawa za TB, pamoja na WHO, kwa fedha za Unitaid, mfuko wa kimataifa wa afya, ulilenga hapo hasa: kukubaliana na mchanganyiko mmoja ili oda zote ziwe za dawa moja. Macleods ya India ikaitengeneza, na Desemba 2015, kwenye mkutano wa kimataifa wa magonjwa ya mapafu mjini Cape Town, ikatangazwa kuwa tayari. Bei iliyotajwa kwa matibabu kamili ya miezi sita ilikuwa dola 15.54. Nchi zingeinunua kupitia GDF, chombo cha Stop TB Partnership kilichoanzishwa 2001 kwa ajili ya kukusanya oda za nchi nyingi na kuzipeleka kwa watengenezaji waliopitishwa kwa ubora.

Kutoka Cape Town hadi tarehe 1 Oktoba ni miezi kumi. Kwa anayejua ugavi wa dawa za umma, hiyo ni kasi. Muda wa kusubiri shehena peke yake unaweza kula nusu yake, maana oda ikishawekwa kuna kutengeneza, kupima ubora, kusafirisha, forodha, kisha bohari ya KEMSA, mamlaka ya serikali ya ugavi wa dawa, kisha kaunti. Maana yake ni kwamba mtu alilazimika kukaa chini mapema 2016 na kuandika idadi ya tembe, kabla hajaona mtoto hata mmoja akiinywa.

Idadi hiyo ilitoka wapi? Kawaida stoo huangalia nyuma: tulitumia kiasi gani kwa mwezi, zidisha kwa miezi tunayotaka kuwa nayo, toa kilichopo na kilicho njiani. Kwa dawa mpya hakuna nyuma. Na matumizi ya dawa ya zamani hayasaidii kama mtu anavyofikiri, kwa sababu jedwali la kilo lilibadilika pamoja na tembe. Mtoto wa uzito fulani hapewi tena idadi ileile. Kuchukua takwimu za RHZ ya zamani na kuzinakili kwenye oda ya mpya ni kosa linaloonekana la busara, ndiyo maana hufanyika.

Njia inayobaki ni kuhesabu kwa wagonjwa. Mwaka 2015 Kenya iliandikisha zaidi ya wagonjwa 80,000 wa TB, na watoto walikuwa karibu 7,000. Kila mtoto atameza dozi 56 za RHZ (miezi miwili ya siku 28) na dozi 112 za RH. Zidisha kwa tembe kwa dozi: kilo 4 hadi 7 tembe moja, 8 hadi 11 mbili, 12 hadi 15 tatu, 16 hadi 24 nne. Kuanzia kilo 25 anahamia dawa za watu wazima.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuteleza. Watoto 7,000 wa ripoti ni wale walio chini ya miaka 15. Binti wa miaka 12 mwenye kilo 30 yumo ndani ya hao 7,000, lakini hatagusa tembe mpya hata moja; atakula kwenye stoo ya watu wazima. Ukimhesabu umeagiza dawa isiyo na mlaji. Kwa upande mwingine, ukipunguza kwa kukisia umewanyima walio wadogo. Ripoti ya robo mwaka inaonyesha umri na jinsia, haionyeshi kilo. Kilo zimo kwenye kadi ya mgonjwa na kwenye rejista, na kwa bahati nzuri Kenya ilikuwa na mfumo wa TIBU tangu 2012, ambamo waratibu wa TB wa kaunti ndogo huingiza taarifa za kila mgonjwa kwa tableti, uzito ukiwemo. Nchi isiyo na rekodi ya mgonjwa mmoja mmoja ingelazimika kubahatisha. Nadhani hii ni sababu ambayo haitajwi vya kutosha ya Kenya kuweza kutangulia.

Tuone kubahatisha kunagharimu nini. Tufanye mfano: chukua watoto wote 7,000 na useme wastani ni tembe tatu kwa dozi. RHZ zinakuwa 1,176,000 na RH 2,352,000. Sasa sema wastani ni mbili na nusu. RHZ zinashuka hadi 980,000, RH hadi 1,960,000. Nusu tembe tu ya makisio imezaa tofauti ya tembe 588,000. Ukikosea kuelekea juu, zitakufa tarehe zikiwa rafuni. Ukikosea kuelekea chini, kuna mtoto atakatiziwa matibabu katikati, na kwa TB kukatiza ni kuualika usugu wa dawa. Makosa haya mawili hayalingani kwa uzito, kwa hiyo mwagizaji mwenye akili huegemea juu kidogo na kukubali hasara fulani. Wakaguzi wa hesabu hawapendi kusikia hivyo. Dawa iliyoharibika ina thamani inayoandikika kwenye ripoti. Mtoto aliyeambiwa arudi wiki ijayo haandikiki popote.

Kulikuwa na swali jingine zito: dawa ya zamani iliyobaki ifanyweje? Kuna njia tatu, na kila moja ina mtetezi wake. Ya kwanza, maliza ya zamani kwanza, kisha ingiza mpya. Inaokoa fedha, lakini inaendelea kuwapa watoto dozi ambayo tayari inajulikana kuwa pungufu, na kila kituo kitahama siku yake, kwa hiyo kwa miezi kadhaa nchi ina matibabu mawili. Ya pili, wagonjwa wapya waanze na mpya, wa zamani wamalize na ya zamani. Inapendeza kwenye karatasi. Kituoni ina maana rafu moja, dawa mbili zenye majina yaleyale matatu, tofauti ikiwa namba tu: 60/30/150 na 75/50/150. Muuguzi mmoja anayehudumia foleni ya chanjo, wajawazito na TB kwa pamoja atachukua boksi lililo karibu. Ya tatu, weka siku moja, wote wahamie, ya zamani irudishwe.

Kenya ilitangaza siku moja. Naona ulikuwa uamuzi sahihi, hata kama una gharama ya dawa iliyokatishwa kabla ya tarehe yake. Hatari kubwa ya kipindi cha mpito ni jedwali la dozi. Ukutani kuna karatasi ya zamani yenye mipaka ya kilo ya zamani. Boksini kuna dawa mpya. Mtu akitumia jedwali la jana kwa tembe ya leo, mtoto anazidishiwa au anapunguziwa, na hakuna kengele itakayolia. Siku moja ya kuhamia inakuwezesha kusema kwa sauti moja: bandua ile karatasi, bandika hii. Mpito wa kuburutana hauwezi kusema hivyo. Ndiyo maana katika ubadilishaji wa dawa, karatasi ya jedwali na kikao cha mafunzo vinapaswa kusafiri pamoja na shehena, si mwezi mmoja baadaye kwenye bahasha.

Siku yenyewe ikishapita, tatizo lililo gumu kuliko yote hubaki, nalo ni uchache. Vituo vinavyotibu TB Kenya vilikuwa zaidi ya 3,000. Gawa watoto 7,000: kituo cha wastani kinaona watoto wawili na kidogo kwa mwaka mzima. Na wastani unadanganya; hospitali kubwa za kaunti huona wengi, dispensari nyingi hukaa robo mwaka, hata mwaka, bila mtoto. Sasa weka kanuni ya kawaida ya stoo hapo. Wastani wa matumizi kwa mwezi: sifuri. Zidisha sifuri kwa miezi ya akiba: sifuri. Fomu inaagiza sifuri, tena kwa usahihi kamili. Wiki inayofuata mama anafika na mtoto wa kilo 9 aliyegunduliwa hospitali ya rufaa na kurudishwa kutibiwa karibu na nyumbani, na kwenye rafu hakuna kitu.

Jibu la moja kwa moja ni kuweka matibabu kamili ya mtoto mmoja kila kituo. Hebu tuihesabu. Kwa mtoto wa tembe tatu ni RHZ 168 na RH 336. Kwa vituo 3,000 hiyo ni RHZ 504,000, yaani asilimia 43 ya mahitaji ya mwaka mzima tuliyoyapata juu kwa wastani huo wa tembe tatu, imekaa kusubiri watoto ambao wengi hawatakuja kituo hicho. Sehemu kubwa yake itapitwa na tarehe. Yaani katika kuzuia upungufu umetengeneza upungufu, kwa sababu dawa ipo nchini ila iko Lodwar wakati mtoto yuko Kilifi.

Njia yenye akili, kwa maoni yangu, ni ya kati: kituo kiwe na boksi moja la kuanzia tu, akiba ikae kwa mratibu wa kaunti ndogo. Boksi la RHZ lina tembe 84. Mtoto wa tembe nne kwa siku, ambaye ndiye mlaji mkubwa kabisa, anatosheka siku 21. Hizo ni siku tele za mratibu kupanda pikipiki na kuleta zilizobaki, mradi kituo kimempigia simu siku ileile mtoto alipoandikishwa. Maboksi ya kuanzia kwa vituo 3,000 ni tembe 252,000, nusu ya ile hesabu ya kwanza, na boksi lililokaribia tarehe linahamishiwa hospitali yenye watoto kabla halijaharibika. Dawa za watoto zinahitaji kuhama-hama kati ya vituo kwa namna ambayo za watu wazima hazihitaji. Anayesubiri fomu ya robo mwaka ndiyo ianzishe kila safari atachelewa, kwani miezi miwili ya kwanza ya matibabu inaweza kuanza na kwisha ndani ya robo moja.

Maboksi yana fitina yake. RHZ na RH huja tembe 84, zimefungwa kwenye karatasi tatu za 28. Ethambutoli ya watoto ya miligramu 100, ambayo ni dawa ya nne katika miezi miwili ya kwanza na huja peke yake, hufungwa tembe 100. Mtoto wa kilo 10 anahitaji RHZ 112: boksi moja na karatasi moja, barabara. Ethambutoli 112 ni boksi moja na tembe 12 za kukata. Sasa mtu akiagiza kwa maboksi huku fomu inauliza tembe, au kinyume chake, oda inaruka mara 84 au inakuwa kichekesho. Makosa ya namna hii hayadumu kwenye dawa zinazotumika kwa maelfu, maana mtu huona mara moja kwamba namba haijakaa vizuri. Kwenye dawa ya watoto wawili kwa mwaka hakuna anayejua namba inapaswa kukaaje.

Ila uchache huo una faida moja ambayo ningependa kila mratibu aitumie. Dawa hizi zimefungamana kwa hesabu. Katika miezi miwili ya kwanza kila tembe ya RHZ huenda na tembe moja ya ethambutoli 100, kwa sababu jedwali la kilo ni lilelile. Na kila mtoto anayemaliza humeza RH mara mbili ya RHZ, 112 kwa 56. Kwa hiyo katika kaunti ndogo iliyotulia, matumizi ya mwaka yanapaswa kukaa karibu na uwiano huu: RHZ moja, ethambutoli moja, RH mbili. Watoto huongezeka kilo wakipona na kuvuka daraja la dozi, kwa hiyo RH inaweza kuzidi mbili kidogo. Hiyo ni habari njema.

Chukua mfano wa kadi ya stoo inayoonyesha RHZ 840 zimetoka na ethambutoli 300. Hapo kuna watoto wanaopewa dawa tatu badala ya nne, au kuna mtu anawakatia ethambutoli ya watu wazima. Au RHZ 840 na RH 900 badala ya 1,680 hivi. Ama watoto wanapotea baada ya miezi miwili, ama RH imekwisha na wanapewa nusu za tembe za wakubwa, ama kadi haijazwi. Mratibu hajamwona mtoto yeyote, ameangalia karatasi tatu tu, lakini anajua kituo cha kwenda kesho. Sijui ukaguzi mwingine wa bei rahisi hivi katika programu nzima. Huhitaji kompyuta, ingawa zipo programu za kusaidia. QuanTB, iliyotengenezwa na MSH, shirika la kimataifa la usimamizi wa afya, na kutolewa bure, hupiga hesabu hizi za wagonjwa na kuonya mapema dawa ipi itaisha lini. Nayo hula unachoilisha.

Kenya haikupata mwaka mtulivu wa kujifunza matumizi ya dawa mpya. Tarehe 5 Desemba 2016, wiki tisa tu baada ya uzinduzi, madaktari wa hospitali za umma waligoma, na mgomo ukadumu siku 100, hadi Machi 14, 2017. Juni wauguzi nao wakagoma, mpaka mwanzoni mwa Novemba. Migomo hiyo ilikuwa na haki zake na si kazi yangu hapa kuihukumu. Tazama tu inavyofanya kwenye fomu ya dawa. TB ya mtoto mdogo ni ngumu kugundua. Mara nyingi hatoi makohozi ya kupima, kwa hiyo uamuzi hutegemea macho ya tabibu, historia ya nyumbani na picha ya eksirei. Daktari asipokuwepo, mtoto ndiye wa kwanza kukosa kuandikishwa. Dawa haitoki stoo. Wastani wa matumizi unashuka. Mtu akiutumia wastani huo kuagizia robo inayofuata, ataagiza kana kwamba watoto wamepungua, wakati wamelundikana nyumbani wakisubiri zahanati ifunguliwe.

Kwa hiyo kanuni ya kuangalia nyuma haikufaa kabla ya uzinduzi kwa kukosa historia, na haikufaa baada yake kwa sababu historia iliyopatikana ilikuwa ya mgomo. Mwagizaji alipaswa kushikilia hesabu ya wagonjwa kwa muda mrefu kuliko vitabu vinavyoshauri, na kuitupa miezi ya mgomo nje ya wastani bila huruma.

Tena kukawa na msukumo wa upande wa pili. Machi 2017 matokeo ya utafiti wa kitaifa wa kiwango cha TB yalitolewa: wagonjwa 558 kwa kila watu wazima 100,000, na karibu asilimia 40 ya wagonjwa hawakuwa wakifikiwa na huduma. Utafiti haukupima watoto, lakini ujumbe kwa programu ulikuwa mmoja: nenda ukawatafute. Mtu mzima mmoja anayegunduliwa ana watoto nyumbani wanaopaswa kuchunguzwa. Sasa je, unaagiza kwa watoto unaowapata au kwa watoto unaosema utawapata? Mipango hupenda ya pili, kwa kuwa malengo ndiyo yanayoombewa fedha. Stoo hupenda ya kwanza. Msimamo wangu ni kuagiza kwa unaowapata, kuongeza nyongeza inayotegemea shughuli ambayo tayari ina fedha na tarehe, na kuomba shehena ije kwa mafungu. Fungu la pili linaweza kuahirishwa au kuharakishwa. Shehena iliyokwishatua Mombasa hairudi.

Yote haya yanategemea kifaa ambacho hakimo kwenye orodha yoyote ya ugavi, nacho ni mizani. Ikiwa kituo hakina mizani inayosema kweli, au mtoto anapimwa siku ya kwanza tu na uzito ule ukanakiliwa miezi sita, basi dozi ni ya kukisia, kadi ya stoo ni ya kukisia, TIBU ni ya kukisia, na oda ya taifa imejengwa juu ya hayo. Mtoto aliyeanza na kilo 7.5 akafika 9 katika mwezi wa tatu anapaswa kupanda kutoka tembe moja hadi mbili. Asipopimwa anameza nusu ya dozi yake kwa miezi minne, na stoo inaonyesha ziada ya RH ambayo kwenye ripoti itaitwa usimamizi mzuri wa akiba. Fedha za kununulia mizani huwa kwenye bajeti ya vifaa, za dawa kwenye nyingine, wafadhili wake wengine, na vikao vyao havikutani.

Baada ya Kenya nchi nyingine zilifuata haraka, na ndani ya miaka michache zaidi ya 80 zilikuwa zimeiagiza tembe hiyo. Hesabu yenyewe haikutulia. RH 75/50 ikaanza kudaiwa na kundi la pili: watoto wasio wagonjwa wanaoishi na mgonjwa, ambao wanaweza kupewa kinga kwa RH kila siku kwa miezi mitatu. Ni tembe ileile, boksi lilelile, rafu ileile. Halafu mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio la SHINE, lililofanyika Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India kwa watoto 1,204, yakionyesha kwamba kwa TB isiyo kali miezi minne inatosha sawa na sita. WHO ikaupokea ushauri huo. Mtoto wa namna hiyo anahitaji dozi 56 za RH badala ya 112. Kwa nchi inayofuata mambo yote mawili, uwiano wa moja kwa mbili umevunjika kutoka pande mbili: matibabu mafupi yanauvuta chini, kinga inauvuta juu, na vikikutana kwenye kadi moja ya stoo vinaweza kutoa mbili kamili huku hakuna kinachokwenda sawa.

Ukaguzi ule bado unawezekana, lakini kadi ya RH inabidi igawanywe: safu moja ya wanaotibiwa miezi minne, moja ya miezi sita, moja ya kinga. Ni mistari miwili ya rula kwenye kadi iliyopo. Kwenye fomu ya kitaifa ni badiliko la mfumo, linalohitaji idhini, bajeti na mafunzo mapya, na mpaka lipite, mratibu wa kaunti ndogo anayetaka kujua RH yake inaliwa na nani atalazimika kuchora mistari hiyo mwenyewe.